Masomo ya Trekta Iliyozimwa

Kitu cha kwanza Oloo alichonifundisha kuhusu trekta ni kukaa. Si kuwasha, si kukata kona, si kuinua kijiko. Kukaa.

"Weka makalio kwa kiti na uyaache hapo," aliniambia kupitia tundu la msumari kwenye mabati. "Hii mashine ukisimama inazima. Iko na swichi chini ya kiti. Inataka kujua kama kuna mtu."

Nami nilikuwa upande wa ndani wa mabati hayo, nimefungiwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake, na tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kukaa mahali pamoja muda mrefu hivyo. Nilimtukana matusi ya Kikamba ambayo anayajua vizuri. Akacheka kwa pua, akapenyeza sahani ya ugali chini ya geti, akaenda zake.

Mimi ni mtu wa mkokoteni. Naitwa Muia, kwetu ni Machakos, na tangu niingie Nairobi nimekuwa nikivuta mizigo Laini Saba, Kibera, pamoja na Oloo, ambaye kwao ni Homa Bay. Mimi mbele, katikati ya ile mikono miwili ya mbao. Yeye nyuma akisukuma. Watu walituita mume na mke. Tumebeba makochi, magunia ya makaa, mitungi ya maji, na majeneza pia. Kwa miaka hiyo yote nilimjua Oloo kwa sauti yake na pumzi zake mgongoni mwangu. Uso wake tukiwa kazini sikuwahi kuuona.

Trekta tuliinunua sisi watu wa mikokoteni, kikundi chetu, kutoka shamba moja la maua la huko Limuru lililokuwa likiuza vyombo vyake vikuukuu. Kwetu ilikuwa mpya. Ilikuwa ndogo, rangi ya chungwa iliyopauka, nyembamba kiasi cha kupita katika vichochoro vyetu, na mbele ilikuwa na kijiko cha chuma cha kuzolea taka na mchanga. Kila kitu chake kilikwenda kwa mafuta: mafuta yakisukumwa ndani ya mipira ndiyo yaliyoinua kijiko, na ndiyo yaliyozungusha magurudumu. Klachi haikuwa nayo. Tulisema sasa basi, kuvuta kama punda kumekwisha.

Ililetwa wiki ya Krismasi. Dereva wa shamba alitoa somo la alasiri moja tu, na kikundi kikamchagua Oloo ajifunze kwa niaba ya wote kwa sababu alifika kidato cha pili. Siku hiyo mimi nilikuwa stendi ya mabasi nikiwabebea watu wa Kitui masanduku yao ya sikukuu. Niliporudi na kukuta wameshamaliza, nilinuna. Mpaka leo sijui kilichoniuma zaidi, kwamba hawakuningoja au kwamba walichagua sawa.

Yadi yetu ilikuwa Laini Saba, hatua chache kutoka reli, imezungushiwa mabati marefu. Siku ile matokeo ya kura ya urais yalipokuwa yakisubiriwa, zamu ya kulinda trekta ilikuwa yangu. Nyumbani kwangu ni Kawangware. Nilimuaga mke wangu Kamene, nikambusu mtoto wetu Kasyoka kwenye kisogo, na nikasema nitalala huko mara moja tu kisha nirudi. Kamene alinijibu kwamba mtu anayelinda chuma akaacha watu ana kasoro kichwani. Nilicheka. Laiti ningemsikiliza.

Matokeo yalitangazwa, na kabla hata mtangazaji hajamaliza, moshi ulikuwa umeshapanda upande wa soko la Toi. Nilisikia mbio, mabati yakipigwa, wanawake wakiita watoto majina. Oloo alikuja akihema, akafunga geti kwa nje, akapiga kufuli.

"Unafanya nini wewe?" nikamuuliza.

"Gate ikiwa na padlock nje, watadhani hakuna mtu. Tulia, omera, ndugu yangu. Kesho itakuwa imepoa."

Kesho haikupoa. Wala kesho yake. Barabara zilizibwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Reli yenyewe iling'olewa. Nilisikia vyuma vikilia na umati ukishangilia. Simu yangu ilizima, na Kamene hakuwa na simu. Nikawa nazunguka trekta kama mbuzi aliyefungwa kambani. Ukutani kulikuwa na mkokoteni wetu umesimamishwa, mikono juu, na hata huo niliuonea wivu, maana ulikuwa haumfikirii mtu.

Siku moja nilishindwa. Nilishika nondo nikaanza kubandua bati la nyuma. Oloo akasikia, akaja mbio, akapachika mdomo kwenye tundu.

"Muia! Wacha hiyo kitu. Kwa corner hapo kuna maboyz na panga. Hawakujui. Wanauliza watu kitambulisho, wanataka kujua kabila."

"Nifungulie basi nitoke kama mtu."

"Sifungui."

"Oloo, mke wangu yuko Kawangware na mtoto mchanga. Nifungulie kabla sijakuua."

Halafu akasema, "Mimi nitaenda. Mimi naweza pita hapa. Nitaenda nimwone, nikuletee habari. Lakini uniahidi hutatoka."

Niliahidi kwa hasira. Jioni alirudi.

"Nimefika," akasema. "Wako poa. Kamene anakusalimia. Anasema ukae hapo hapo, usijaribu kuja."

"Alisema nini hasa?"

"Alisema umekuwa kichwa ngumu tangu harusi na asikie umetoka nje atakumaliza yeye mwenyewe kabla ya hao wengine."

Nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Huyo alikuwa Kamene mtupu. Usiku huo nilipata usingizi.

Basi ikawa hivyo. Kila siku Oloo aliniletea chakula na neno kutoka Kawangware. Kamene amepata unga kwa jirani yetu Nalianya. Kamene anauliza kama nina sweta. Kisha siku moja, huku akipenyeza sahani, akasema, "Na mtoto ameota jino."

"Wapi?"

"Chini, mbele. Limetoka kidogo tu. Kamene anasema anamng'ata mpaka analia."

Hilo jino lilinishika. Nililiwaza kuliko nilivyowaza chakula. Nilijiambia kwamba nitatoka mle ndani kwa miguu yangu ili nikalione, na mtu asinizuie.

Nadhani Oloo aliona kwamba salamu peke yake hazitanizuia mpaka mwisho, ndiyo maana akaongeza masomo. Injini haikuwashwa, kwani mlio wake ungeita mtaa mzima. Nilijifunza trekta iliyokufa. Nilikaa kitini, naye nje ameegemea mabati kama mtu anayepumzika kivulini, akizungumza polepole bila kugeuza kichwa.

"Mguu wa kulia. Kuna kanyagio moja ndefu. Kanyaga mbele, unaenda. Kanyaga na kisigino, unarudi. Ukitoa mguu, inasimama yenyewe. Hakuna kitu kingine."

"Na breki?"

"Breki iko, lakini ya kazi ni kutoa mguu."

"Kuna picha ya sungura na kobe hapa."

"Kaa kwa kobe, ni mwendo wa pole. Wewe sungura utaua mtu."

Nilikanyaga na kutoa, kanyaga na kutoa, asubuhi mpaka jua la mchana likageuza yadi kuwa chungu. Hakuna kilichosogea. Kwa mtu aliyezoea kulisikia gunia likimwambia kwa mabega kila linachotaka, kufundishwa kazi bila uzito ni mateso. Mikono yangu haikuamini hata neno moja. Mguu uliamini kidogo.

Kisha tukafika kwenye leva ya kijiko. Yule dereva wa shamba alikuwa ameacha kijiko juu ili kisizibe njia, na kilikuwa kimening'inia hapo mbele ya uso wangu tangu siku ya kwanza.

"Vuta kwako, kinapanda. Sukuma mbele, kinashuka," akasema Oloo. "Lakini usi—"

Nilikuwa nimeshasukuma mpaka mwisho.

Sikujua kwamba chuma kinaweza kuanguka hata injini ikiwa imezimwa. Kijiko kilishuka chote kwa mara moja, kikagonga rundo la mabati makuukuu, na ule mlio nadhani ulisikika hadi Kianda, mwisho wa mtaa. Oloo aliondoka pale mabatini kwa hatua za mtu asiye na habari. Muda si muda nikasikia miguu mingi getini. Kufuli likatikiswa. Jicho likaja kwenye tundu la msumari, nami nilikuwa nimelala chini ya trekta, shavu kwenye udongo wenye harufu ya dizeli, nikimwomba Mungu kwa majina yote ninayomjua.

"Hakuna mtu. Ni paka," mmoja akasema, wakaenda zao.

Oloo aliporudi alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nilikuwa nakuambia usisukume yote! Unasukuma kidogo, kinashuka kidogo. Kidogo kidogo, kama unalaza mtoto."

"Basi ngoja nijaribu tena."

"Utajaribu na nini? Kimeshashuka. Hakipandi bila injini."

Kwa hiyo somo la kushusha sikulipata. Nilichobaki nacho ni ule mlio, na tangu hapo mkono wangu uliogopa kuisukuma ile leva mbele. Kuvuta nilivuta mara mia, kwa kuwa kuvuta hakukuwa na madhara.

Mpaka hapo, hatari yangu ilikuwa ya kila mtu. Kisha redio zikatangaza baraza la mawaziri, na mtu wa kwetu akapewa kiti kikubwa katika serikali ya yule rais ambaye mtaa wetu ulimkataa. Niliisikia habari hiyo kutoka redio ya jirani ng'ambo ya mabati, na nikasikia pia mtaa ulivyonyamaza baada yake. Mimi sikuwa nimepewa hata kigoda. Lakini kabla jua halijachwea nilisikia vijana wakipita wakisema Wakamba wametuuza, na mlango wa fundi Nzuki, mtu wa Kitui anayetengeneza viatu, ukivunjwa. Walimwacha hai. Alipita karibu na mabati akilia kama mtoto, na sikuweza hata kumwita.

Siku hiyo Oloo hakuja. Wala sahani haikuja.

Alikuja asubuhi iliyofuata, na hakuja kwa miguu. Nilisikia kitu kikiburutwa, kisha pumzi. Hizo pumzi nazijua.

"Oloo?"

"Wameona sahani," akasema. "Wameniuliza nalisha nani. Wamenivunja mguu, Muia. Wameenda kuleta petroli."

Nilisikia ufunguo ukigongagonga kufuli bila kupata tundu. Nilisimama upande wangu nikiwa siwezi kumsaidia kwa lolote, nikilia kwa hasira, nikimwambia pole, kushoto kidogo, pole. Hatimaye likafunguka.

Mguu wake ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Damu ilikuwa imelowesha suruali mpaka kwenye soksi. Nilimwinua kama tunavyoinua gunia la viazi, nikaelekea kwenye mkokoteni, yeye akanipiga kifuani.

"Achana na hiyo. Utanivuta peke yako kwa hizo mawe? Washa trekta."

"Sijui."

"Unajua. Nani alikuwa anakufundisha?"

Nilimlaza kwenye kijiko, mgongo kwenye chuma, uso ukinitazama. Nikapanda, nikazungusha ufunguo. Injini ikakohoa, ikanguruma, na baada ya kimya cha siku zote zile nilidhani dunia nzima inanitazama. Nikavuta leva. Kijiko kikapanda na Oloo ndani yake, taratibu, kwa nguvu ambayo haikuwa yangu. Sijui kueleza nilivyojisikia. Nilisimama kwa furaha.

Ikazima.

"KAA!" Oloo akapiga kelele. "Kaa chini, mjinga wewe!"

Nikakaa. Nikawasha tena. Nikakanyaga mbele, na tukatoka getini.

Kichochoro kinachotoka yadi kinashuka kuelekea mtaa wa Highrise, na ni mteremko ninaoujua kuliko kiganja changu. Nimeuteremka na mizigo ya kila aina. Mkokoteni hauna breki. Una vipande vya tairi vilivyopigiliwa nyuma, chini ya mbao. Mzigo ukianza kukusukuma mteremkoni, unainua mikono ya mkokoteni juu kwa nguvu zako zote, mkia unakaa chini, tairi zinakwaruza ardhi, mkokoteni unasimama. Kushusha mikono ni kujiua, maana mzigo utakupanda mgongoni. Ndivyo wanavyofanya wote wenye kazi hii, na mwili wangu ulikuwa umefanya hivyo mara nyingi kuliko ulivyosali.

Nyuma yetu nikasikia sauti. Walikuwa wamerudi. Jiwe likagonga chuma, lingine likanipata begani. Nikakanyaga zaidi. Trekta ikaingia mteremkoni, na nikahisi ule mzigo wa zamani ukianza kunisukuma.

Mkono wangu ukainua. Sikuutuma. Ulivuta leva, na Oloo akapanda juu, juu zaidi, mpaka miguu yake ikawa usawa wa paa za mabati. Na badala ya kusimama, trekta ilishikwa na wazimu. Uzito wote ulihamia mbele, magurudumu ya nyuma yakawa mepesi, yakaanza kuteleza kwenye vumbi na kokoto. Nilitoa mguu kama nilivyofundishwa. Haikusimama. Hayo ya nyuma ndiyo yanayoshika breki, nayo yalikuwa karibu yanaelea. Nikavuta leva tena. Tukazidi kwenda.

"Chini!" Oloo alipiga kelele. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona uso tukiwa kazini, na ulikuwa umejaa hofu, macho yametoka. "Weka chini! Leva mbele, kinashuka, Muia! Sukuma!"

Niliweka mkono kwenye leva, ukakataa. Nilisikia ule mlio wa kijiko kikianguka. Niliona mguu wake uliovunjika chini ya chuma kile. Mbele yetu mteremko ulikuwa unaishia kwenye ukuta wa mawe wa choo cha umma, na ukuta ulikuwa unakuja.

"Kidogo kidogo!" akalia. "Kama mtoto!"

Nikawaza kichwa cha Kasyoka ninavyokilaza kwenye mto, jinsi unavyoondoa kiganja polepole asiamke. Nikasukuma leva hivyo. Kijiko kikashuka kidogo. Nikasukuma tena. Kikashuka tena, kwa adabu, kama kinanisikia. Mdomo wake ukagusa ardhi, ukakwaruza, ukachimba, mawe yakalia chini yake na Oloo akalia juu yake, na nyuma magurudumu yakakaa chini na kushika. Tukasimama. Kati yetu na ukuta palitosha mbuzi kupita, labda awe amekonda.

Wale vijana hawakuteremka tena. Huko chini, upande wa Highrise, kulikuwa na polisi, na hawakutaka kuonwa.

Oloo alikuwa amefumba macho, mdomo umekauka mweupe. Nilidhani anakufa. Nadhani hata yeye alidhani hivyo, maana alisema jambo ambalo mtu hasemi akiwa na siku mbele yake.

"Muia. Sijafika Kawangware."

"Nini?"

"Sijafika hata siku moja. Huko Wajaluo hawapiti. Nilifika Ngong Road siku ya kwanza, nikaona vile wanatoa watu kwa gari wakiuliza majina, nikarudi. Ungejua, ungeruka mabati. Ungeuawa."

Injini ilikuwa inanguruma kati yetu. Nilimtazama nikiwa sielewi, halafu nikaelewa.

"Kamene na unga?"

"Sijui."

"Jino?"

Akatingisha kichwa.

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye leva. Ukiipeleka pembeni, kijiko kinajipindua na kumwaga kilichomo. Hilo pia alinifundisha yeye. Nasema ukweli: nilitaka kummwaga. Nilitaka kummwaga pale kwenye mawe mtu aliyenifunga kwa kufuli na kunilisha mke wa kubuni, jino la kubuni, siku hizo zote, huku mimi sijui kama watu wangu wako hai. Nilitaka sana. Yeye aliliona hilo usoni mwangu, akashika tu ukingo wa kijiko kwa vidole vyake.

Vidole hivyo vilikuwa vimechunika kwa kutafuta tundu la kufuli. Nikavuta leva kidogo, kijiko kikainuka kiasi cha kiatu kutoka ardhini, nikarudi nyuma, nikakata kona, nikaenda kwa mwendo wa kobe.

Polisi walitunyooshea bunduki. Nikainua mikono yote miwili na kutoa mguu, na ile trekta ikasimama kwa utulivu kabisa, kama ambavyo ilikuwa ikisimama kichwani mwangu siku zote zile. Walimtazama Oloo ndani ya kijiko, wakatazamana, mmoja akasema, "Pitisha huyo mgonjwa." Mpaka hospitali hakuna aliyetusimamisha tena. Wauguzi walikuja na kitanda cha magurudumu, nikakishusha kijiko mpaka usawa wa kitanda, kidogo kidogo, wakamvuta akaingia bila kuinuliwa. Muuguzi mmoja aliniuliza kama ni dereva wa siku nyingi. Oloo, macho yamefumbwa, ndiye aliyejibu.

"Amejifunza leo," akasema.

Sikumuaga. Bado nilikuwa na hasira naye. Niliiacha trekta uani mwa hospitali, nikamwachia mlinzi ufunguo, nikaingia Ngong Road kwa miguu.

Sitasimulia njia yote. Kulikuwa na vizuizi, na kitambulisho changu, ambacho Kibera kingeniua, huku kilinipitisha. Kijana mmoja alikisoma, akanipiga begani kirafiki pale pale jiwe liliponipata, akasema, "Huyu ni wetu, pita mzee." Nikapita nikiwa naona haya. Magari yaliyochomwa yalikuwa bado yananuka. Kadiri nilivyokaribia nyumbani ndivyo miguu ilivyokuwa mizito, kwani sasa sikuwa na neno hata moja kutoka kwa Kamene la kunishika mkono. Yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya Oloo.

Ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilikuwa imesimama. Mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga, kimya. Nikagonga tena.

"Nani?" Sauti ilikuwa nyembamba sana.

"Ni mimi. Mama Kasyoka, ni mimi."

Komeo likavutwa, na kitu kizito, nadhani kitanda, kikasukumwa kando. Kamene alisimama pale amekonda, kitambaa kichwani, mtoto ubavuni. Kisha akanipiga kofi, akanishika shati, akaegemeza paji la uso kifuani mwangu na kuanza kulia.

"Siku zote hizi," alisema. "Hata salamu. Hata mtu wa kuniambia uko hai, Baba Kasyoka, hata mtu mmoja."

Nilirudishia komeo, nikarudisha kitanda mlangoni, maana nje kulikuwa bado hakujatulia, na nikajikuta tena ndani ya chumba kilichofungwa. Nilimchukua mtoto nikaketi naye kando ya dirisha. Alinitazama kama mgeni. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimeambiwa waziwazi kwamba ni uongo. Hata hivyo niliosha mikono, nikaingiza kidole mdomoni mwa Kasyoka, nikakipitisha chini, mbele, taratibu. Ufizi mtupu. Laini, wenye joto, mtupu. Nikaanza kulia, na hasira yote niliyotoka nayo mteremkoni ikanitoka pamoja na hayo machozi.

Kamene aliacha kuwasha jiko. "Unatafuta nini mdomoni mwa mtoto?"

"Jino. Oloo alisema limetoka."

"Oloo gani? Oloo hajakanyaga huku tangu Krismasi."

"Najua," nikasema, na sikukitoa kidole.